Alikaa Mbele au Nyuma?

Sisi ni watunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya mkoa. Hatuchomi sindano wala hatushoni majeraha. Kazi yetu ni kupokea majalada, kuyasoma maelezo ya tabibu, na kuyageuza yawe misimbo, yaani alama za herufi na tarakimu ambazo hospitali za nchi nyingi huzisoma kwa maana moja. Katika majalada hayo, yanayotuumiza zaidi ni ya pikipiki. Si kwa sababu ya damu, maana karatasi huwa imekwisha kukauka inapotufikia. Yanatuumiza kwa yale ambayo hayakuandikwa.

Mwongozo tunaoutumia ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza rasmi Januari 2022, lakini mezani kwetu lingali la 10. Kwa mujibu wake, majeruhi anastahiki msimbo wa aina mbili. Aina ya kwanza hueleza mwili umepatwa na nini: kuvunjika mfupa wa muundi ni S82, wa paja ni S72, jeraha la ndani ya kichwa ni S06. Aina ya pili hueleza kilichomsibu, na V20 hadi V29 ni za aliyekuwa juu ya pikipiki. Aliyegongana na mtembea kwa miguu au mnyama ni V20, na gari dogo ni V23, na lori au basi ni V24. Aliyegonga nguzo au mti ni V27, na aliyeanguka bila kugongana na chochote ni V28. Kisha hufuata nukta na tarakimu moja: barabarani, 4 ni dereva na 5 ni abiria. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki ana fungu lake, V02. Wa Bajaji nao wana lao, V30 hadi V39. Waliopakiana mshikaki, wawili nyuma ya dereva, wote ni abiria, msimbo hauwagombezi.

Sasa fungua jalada lenyewe. Utakuta herufi tatu, RTA, yaani ajali ya barabarani, kisha dawa. Nani alikuwa nani, na kilichogonga ni kipi, hakuna. Hatulaumu sana, kwani usiku wa sikukuu tabibu mmoja huwa na majeruhi wengi mbele yake, na kuzuia damu kunatangulia kuandika. Lakini sisi haturuhusiwi kubuni. Kisichoandikwa na tabibu hatukiongezi, hata kama mtaa mzima unakijua. Jalada la namna hiyo huishia V29.9, mpanda pikipiki katika ajali isiyoelezwa. Ni kapu la kila kitu, nalo hujaa upesi. Mwenye kupanga barabara akitaka kujua kama vijana wetu wanamalizwa na malori au na mashimo, kapu hilo halimwambii neno.

Yako pia madhara yaliyo karibu zaidi na nyumba. Alipata kuletwa kwetu kwa rufaa baba mmoja wa watoto watatu, hajitambui, aliyegongwa na lori akiwa juu ya bodaboda. Barua ya rufaa kutoka kituo kingine ilisema alikuwa dereva. Siku ya tatu alifariki. Baada ya wiki mbili alikuja mdogo wake, kwa kuwa mjane alikuwa eda na mwenyewe hakutoka. Akatwambia kaka yake hakujua kuendesha hata baiskeli. Alikodi pikipiki kurudi kutoka sokoni. Bima ya lazima ya vyombo vya moto ni ya kumlinda mtu wa tatu. Abiria aweza kudai kwa bima ya chombo kilichombeba, dereva hadai kwa bima ya chombo chake mwenyewe. Mwenye bima hausomi msimbo wetu. Husoma maelezo tuliyoutoa humo, na maelezo yalisema dereva.

Maandishi ya jalada hayafutwi. Hupigwa mstari mmoja ili ya zamani yasomeke, na mwandishi wake huongeza sahihisho lenye tarehe na saini. Mwandishi wa barua ile alikuwa amekwisha hamishwa wilaya. Aliyeendesha pikipiki alipona, akarudi kwao. Yule shemeji wa mjane amesafiri mara nne kuwafuata. Miezi minne na siku kumi za eda zimekwisha, na haki ya mayatima hao ingali inategemea neno moja.

Tunajua pia namna karatasi za msiba zinavyoandikwa kwetu. Maiti husubiriwa, kaburi limechimbwa, watu wanataka kuwahi kuzika baada ya Alasiri, na kuharakisha mazishi ni sunna tusiyotaka kuigusa. Ndani ya haraka hiyo hati ya kifo hupata maneno "moyo kusimama." Kila anayekufa moyo wake husimama. Hati inataka jambo lililoanzisha mkondo wote, na hapa si moyo wala si kichwa. Ni lori lililomgonga abiria wa pikipiki, V24.5. Ndugu mmoja asogee kwa tabibu kabla ya saini, asome, aulize. Wengine waendelee na sanda.

Na anayemleta majeruhi aseme mapokezini bila kungoja kuulizwa: alikaa mbele au nyuma, kiligongana na nini, barabara ipi, saa ngapi. Kofia ngumu haina tarakimu katika misimbo yetu, lakini tabibu akiandika kama ilivaliwa, maandishi yanabaki. Vijana wa bodaboda mara nyingi ndio wa kwanza kufika na mwenzao mabegani, kisha humlaza kwenye kitanda cha magurudumu wakatoweka, wakihofia maswali ya polisi. Tunawaomba wakae dakika tano. Sisi hatuulizi leseni.