Dakika Mbili Nilizoruka

Kuweka branula, ile sindano ya dripu, nilijifunza nikiwa kitandani hosteli, blanketi hadi kiunoni na simu kwa chaji. Hiyo ilikuwa mwaka wa tatu. Idara yetu ilikuwa imebadilisha mtindo: video na maswali tunatumiwa wikendi, Jumatatu tunaingia chumba cha mazoezi kushika vifaa moja kwa moja. Hakuna tena mhadhara wa saa nzima watu thelathini wakichungulia mkono mmoja wa plastiki.

Na ilisaidia, siwezi danganya. Kufika Jumatatu nilijua ya waridi ni 20 na ya samawati ni 22, na kwamba namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Nilijua ukiona damu kwa kile kichupa cha nyuma unalaza sindano kidogo, unasukuma plastiki ndani, unafungua mkanda kabla ya kuchomoa chuma. Mwalimu hakuwa na haja ya kurudia hayo. Alipita nyuma yetu akirekebisha vidole tu. Mkono wa plastiki niliupata mara ya kwanza, nikajiona nimeiva.

Ila bando ni bando. Video ilikuwa ndefu, nami niliitazama kwa kasi maradufu, tena nikaruka mwanzo, zile dakika mbili daktari anaketi kuongea na mgonjwa. Si ni kuongea tu? Nani hajui kuongea?

Wiki tatu baadaye, wodi ya wanawake. Shosho wa miaka sabini na kitu, amekaushwa na kuhara, mishipa kama uzi. Nikamfunga glavu juu ya kiwiko (ndio, glavu, ule mkanda wa kwenye video hatukuwa nao), nikapangusa, nikachoma. Akavuta mkono. Sindano ikatoka, damu kwa shuka, glavu bado imekaza.

"Wewe ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua. Sikuwa nimemwambia jina, wala ninachotaka kumfanyia. Nilikuwa nimesalimia mshipa.

Sista alifika mbio, akafungua glavu, akabonyeza pamba. Akainama karibu naye. "Shosho, pole. Huyu ni mwanafunzi, anajifunza udaktari. Ajaribu tena ama nifanye mimi?"

Shosho alinitazama, muda mrefu kiasi.

"Fanya wewe. Huyu anishikie mkono huu mwingine."

Nikaushika. Ulikuwa baridi, na unatetemeka kuliko nilivyodhani mkono unaweza kutetemeka mtu akiwa amenyamaza hivyo.

Usiku huo nilinunua bando, nikaweka video kutoka mwanzo, kasi ya kawaida. Daktari anajitambulisha. Anaeleza. Halafu anamuuliza mgonjwa anatumia mkono gani kula na kuandika, ili achome ule mwingine.

Shosho nilikuwa nimemdunga wa kulia.