Barua Niliyokataa Kutia Sahihi

Asubuhi ya leo sitakuhubiria sana. Nataka tuongee kama watu wa nyumba moja, kwa sababu kila vyuo vikianza kupokea maombi, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Pasta, naomba barua, nataka kurudi shule." Nafurahi sana ninapouona. Lakini kuna barua moja ambayo sikuweza kuitia sahihi, na leo nakueleza kwa nini.

Binti mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada ya pili. Alikuwa na shahada ya kwanza, daraja la pili la chini, na moyo wake wote ulikuwa kwenye uzamili wa uanahabari na mawasiliano ya umma. Kama hujapita njia hiyo, iko hivi. Vyuo vingi vya hapa kwetu hutaka daraja la pili la juu. Ukiwa na la chini mlango haufungwi, ila utaulizwa umefanya kazi ya habari kwa muda gani. Mara nyingi wanataka miaka 2, na wanataka uthibitisho. Unapeleka nakala za cheti na za matokeo, barua za watu wawili wanaokufahamu vizuri, na ada ya maombi.

Binti huyu alikuwa amehudumu miezi 8 katika idara yetu ya habari. Alishika kamera, akahariri video za ibada, akaandika taarifa za kanisa. Kazi safi. Lakini barua aliyokuja nayo ilikuwa imeshachapwa, na ilisema miaka 2. Ilikuwa inangoja sahihi yangu na muhuri wa kanisa tu.

Mpendwa, kalamu ilikuwa mkononi. Kwao napajua. Mama yake huuza mboga, na mboga hizo ndizo zilizomlipia karo. Nikajiambia, ni miezi tu, nani ataumia?

Kilichonizuia si utakatifu wangu. Ni kumbukumbu.

Mimi mwenyewe nilisomea shahada hiyo hiyo. Masomo ya darasani nilimaliza kwa wakati: nadharia za mawasiliano, mbinu za utafiti, sheria na maadili ya uanahabari. Kisha ikaja tasnifu, na hapo ndipo wengi wetu hulala. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya jopo, linarudishwa, unaandika tena. Ukipita, unatafuta leseni ya NACOSTI kabla hujaenda nyanjani kumhoji mtu hata mmoja. Unaandika sura, msimamizi anazijaza wino mwekundu. Kazi inapitishwa kwenye programu ya kukagua kama umenakili. Inasomwa na watahini, halafu unasimama kuitetea. Kwenye karatasi shahada hii ni ya miaka 2. Mimi ilinichukua 5.

Katika mwaka wa tatu, nikiwa nimechoka na karo ikinidai, jamaa fulani alinipigia simu. Kwa shilingi 70,000 angeniandikia kila kitu, yangu iwe kuvaa joho tu. Nilimtumia malipo ya kwanza ya 10,000. Ndiyo, mimi, Pasta wako. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni kufundisha juu ya uaminifu, na maneno yalikataa kutoka. Jumatatu nikampigia nikamwambia aache. Pesa hazikurudi, na sikuwa na uso wa kuzidai.

Hayo yote nilimweleza yule binti. Nikamwambia, "Binti yangu, unataka kazi ya kuwaambia watu ukweli. Ukiingilia mlango wa uongo, siku moja utashika habari ya mtu aliyeghushi cheti, na mkono utakutetemeka." Kisha nikaandika barua nyingine palepale: miezi 8, kazi alizofanya, na jinsi alivyokuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga mlango. Hiyo nikaitia sahihi.

Alilia. Aliichukua bila kusema asante, na Jumapili tatu sikumwona kanisani. Mama yake alinisalimia kwa ncha za vidole. Sitakudanganya kwamba ukweli haukunigharimu.

Unamkumbuka yule mjenzi wa mnara katika Luka 14? Watu walimcheka kwa sababu alianza kabla ya kupiga hesabu. Wengi tunapiga hesabu ya muhula wa kwanza tu. Kwa hivyo nakusihi, kabla hujaomba nafasi, uliza karo yote, pamoja na ile ya mwaka wa tasnifu. Uliza kama kuna msimamizi anayeijua mada yako. Uliza wanahesabu uzoefu upi. Ukihitaji barua yangu, niletee tarehe za kweli, na uniletee mapema, si usiku wa siku ya mwisho. Na ikiwa umepungukiwa na miezi, ifanyie kazi. Mungu haoni aibu kukungoja.

Binti yule alirudi kwenye kamera. Juzi alinitumia ujumbe mfupi: "Pasta, nimefika miezi 15." Hakuongeza neno. Sijaufuta.

Tuombe. Baba, wakumbuke watoto wako wanaosoma usiku baada ya kazi. Wape karo, wape subira, na uwape ujasiri wa kuandika tarehe za kweli. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mwanafunzi nyumbani kwako, andika jina lake hapa chini tumwombee. Amina.