Dengu za Kukaanga si Mchezo

Ukitaja dengu hapa Nairobi, wengi hufikiria ndengu, zile punje za kijani tunazolia chapati. Mimi nazungumzia zile kubwa za rangi ya manjano ambazo Wahindi huziita chana. Kwetu Kibera, mama huzikaanga na kuziuza karibu na soko la Makina. Shangazi yangu wa Kawangware naye hutumia unga wake kupikia bajia za viazi. Sare na vitabu vyangu hutoka humo humo kwenye karai.

Kazi yenyewe si rahisi ati! Dengu hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa ziive bila kupondeka, kisha zikaanikwa zikauke. Zikiingia kwenye mafuta na maji, mafuta hurukaruka na kumchoma mtu. Zikishakauka na kulia kakaka mdomoni, hutiwa chumvi na pilipili.

Mwaka jana dada yangu mdogo alipimwa kliniki, akaambiwa damu yake ni kidogo. Alipewa tembe, tukaambiwa pia tumlishe vizuri. Nyama ya kila siku tungeitoa wapi? Mama akasema, "Si dengu ziko hapa?"

Nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi. Alinieleza kwamba gramu 100 za dengu kavu zina takriban gramu 20 za protini, pamoja na madini ya chuma na foleti, ambavyo mwili huvihitaji ili kutengeneza damu. Lakini chuma cha mimea hupokelewa vyema kikiliwa na vitamini C, nayo chai hukizuia. Tena za kukaanga zina mafuta mengi. Basi dada alitengewa za kuchemsha, zikachanganywa na kachumbari ya nyanya na ndimu. Zile za karai tulimnyunyizia kidogo tu juu ya wali ili apate hamu. Chai ikasogezwa hadi baadaye. Tembe hakuziacha, na leo anaruka kamba na wenzake.

Wapo wanafunzi wanaotucheka eti sisi ni watoto wa karai, huku wakimaliza pesa zao kwa peremende. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ndugu msomaji, ukimpita mama wa dengu jioni, mwamkie kwa heshima. Anasomesha mtu.