SAMAKI WA MJOMBA

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na wenzangu bwenini wakisikia hivyo huniuliza habari za dagaa na migebuka tu. Lakini Ziwa Tanganyika lina samaki wengine wasiovuliwa kwa kuliwa, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi, wakawaweka sebuleni katika matangi ya kioo ili wawatazame. Hapo kwanza nalidhani ni mzaha. Wapo wanaozalishwa huko huko matangini, lakini wafugaji wengi humtaka aliyetoka ziwani, kama wengine wanavyomtafuta disikasi wa mto Amazon.

Likizo ya Desemba nalikwenda kumsaidia mjomba, ambaye ni mpiga mbizi wa samaki hao. Hasa humtafuta frontosa, mwenye milia myeusi na nundu kichwani. Jike wake huyaatamia mayai kinywani, jambo lililonichekesha sana. Frontosa hukaa penye miamba, pengine mita 30 chini au zaidi. Huko maji humkandamiza, na akipandishwa ghafula, hewa iliyo katika kibofu chake hufutuka. Kwa hiyo mjomba huwatia katika pipa lenye matundu, akalivuta mita chache, akalifunga, akaliacha hata kesho.

Siku moja mjomba alishikwa na homa. Akaniambia, "Mpwa wangu, nenda ukalivute pipa mita tatu, usizidishe." Lakini jioni ile palikuwa na mpira, nami nikajisemea, mita tatu na mita kumi na tano zina tofauti gani? Nikalivuta lote.

Samaki 11 wakaelea matumbo juu, wamevimba, wengine macho yamewatoka. Nalipiga kasia huku nalia. Mjomba akaja ufukweni akitetemeka, hakusema neno. Akatwaa sindano nyembamba, akawatoboa mmoja mmoja ubavuni kuitoa hewa. Wanne walipona. Mnunuzi hulipa walio hai tu, na fedha ile ndiyo iliyokuwa ya sare zangu na nauli.

Asubuhi nalimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia, "Marahaba," basi. Homa ilipomwacha alinipa kamba mkononi, akashuka tena majini, nami nikahesabu kila mita.

Nauli ilipatikana muhula umekwisha kuanza. Ndiyo sababu jina langu liliandikwa katika orodha ya wachelewaji, na mwalimu wa zamu aliponiuliza, nalisema gari liliharibika.