Aibu ni ya nani? Safari yangu ya Dubrovnik

Mwaka uliopita nilipata neema ya kufika ng'ambo. Mtoto wa marehemu kaka yangu anafanya kazi Bari, mji wa bandari kule Italia, naye aliniita nikamtazame. Tangu baba yake afariki, ni mimi, baba yake mdogo, niliyeshika mahali pake. Basi nikaenda.

Juma la pili akaniambia: «Baba mdogo, kesho twapanda meli. Nataka kukuonyesha mji ninaoujua kwa televisheni tu.» Mji wenyewe ni Dubrovnik, katika nchi ya Kroatia, ng'ambo ya bahari ya Adria. Niliogopa mambo ya hati za safari. Kumbe tangu mwaka 2023 Kroatia imo katika mapatano ya mipaka pamoja na Italia, na fedha zake ni zile zile, yaani euro. Visa yangu ilitosha.

Tulisafiri usiku kucha. Mimi ni mtu wa Mpala, nimezaliwa kando ya ziwa Tanganika, mawimbi hayanitishi. Lakini usiku ule, tukiwa tumeketi juu ya meli, kijana aliniuliza neno lililonitisha kuliko mawimbi. Alisema: «Baba mdogo, Wakongo wenzangu wa Bari huniuliza kabila langu. Niwajibu nini?» Nikamjibu: «Waambie wewe ni mtu wa Mpala.» Akasema: «Mpala ni mahali, si kabila.» Nikajifanya nimeshikwa na usingizi.

Asubuhi tuliteremka katika bandari ya Gruž, tukapanda basi mpaka mlango wa Pile, mlango mkubwa wa mji wa kale. Ndugu zangu, nikisema mji wenye boma, msifikiri boma la miti. Dubrovnik umezungukwa na kuta za mawe pande zote, upande wa bara na upande wa bahari. Ukitembea juu ya kuta hizo mpaka ulipoanzia, umekwenda karibu mita 1940, na mahali pengine zimepanda mita 25. Bahari inapiga chini yake, na ndani ya kuta mapaa ya vigae vyekundu yamebanana kama watu Kanisani siku ya Pasaka. Vigae vingine ni vipya. Mwaka 1991 vita vilifika pale, na tarehe 6 Desemba mabomu yalianguka juu ya mji huu tangu alfajiri. Sisi wa Kongo ya mashariki twajua maana ya alfajiri ya namna hiyo.

Juu ya milango ya mji niliona sanamu ya Askofu mmoja mzee, ameshika mji mkononi kama mama ashikavyo mtoto. Ni Mtakatifu Blasi, yule yule tunayemwomba tarehe 3 Februari, padri anapotuwekea mishumaa miwili shingoni. Ndiye msimamizi wa Dubrovnik. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Lakini watu wengi waliojaa njiani hawakuja kumtazama Mtakatifu Blasi. Walikuja kwa sababu ya mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Game of Thrones, ulioonyeshwa tangu mwaka 2011 mpaka 2019. Ni hadithi ya wafalme wanaouana kwa ajili ya kiti kimoja. Haifai kwa watoto, na mtu mzima naye afikiri kwanza. Sehemu nyingi za mji wa wafalme wale zilipigwa picha Dubrovnik. Viongozi wa wageni hutembea na picha za mchezo mkononi. Wanasimama, wanainua picha, wanasema: «Hapa alisimama fulani.» Fulani huyo hakuishi kamwe.

Tukafika kwenye ngazi pana za mawe zinazopanda mpaka Kanisa la Mtakatifu Inyasi, Kanisa la Wayezuiti. Kijana akanieleza kwamba katika mchezo malkia mmoja anaadhibiwa hapo: anavuliwa nguo, anatembezwa mbele ya watu, na nyuma yake mtu anapiga kengele na kulia «Aibu!» Wakati ule ule vijana wageni walikuwa wakiuigiza. Mmoja alishuka ameinamisha kichwa, wenzake wakamfuata wakicheka: «Aibu! Aibu!» Kijana wangu naye akacheka. Mimi sikuweza.

Mtaniuliza: Kwa nini? Nitawaeleza, ingawa nyumbani kwetu jambo hili halisemwi.

Wengi wenu mwajua habari za Mpala. Mbelgiji Emile Storms alijenga ngome pale mwaka 1883, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ikiteketeza nchi kutoka Maniema mpaka ziwani. Mapadri waliwakomboa watoto wengi kwa mali, na Kapiteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliwalinda. Mama wa nyanya yangu, nkambo yetu, alikuwa mmoja wa watoto hao. Alitolewa kwa doti mbili za merikani. Hakujua kijiji chake wala kabila lake. Jina alilopewa na mama yake alilisahau njiani. Alibaki na jina la ubatizo tu, Maria.

Kaka yangu alipotaka kuoa mara ya kwanza, mzee mmoja wa upande wa pili alisimama mbele ya wote akasema: «Tutawezaje kumtoa binti yetu kwa uzao wa mtu aliyenunuliwa kwa kitambaa?» Baba yetu aliinamisha kichwa, hakujibu. Uchumba ukavunjika. Njiani kurudi, baba akatuambia: «Neno hili msilitaje tena.» Kaka alioa mahali pengine, akazaa, akafa, hakulitaja. Mimi pia sikulitaja. Sasa mwajua kwa nini kelele za «Aibu» zilinichoma.

Jioni tukapanda ngome ya Lovrijenac, iliyo nje ya kuta, juu ya jabali la mita 37. Ukuta wake wa upande wa bahari ni mnene ajabu, wafika mita 12. Ule unaotazama mji haufiki hata mita moja. Wanasema ulijengwa hivyo makusudi: mkuu wa ngome akitaka kuwaasi wenzake, mizinga ya mji ipate kuubomoa.

Juu ya mlango pamechongwa maneno ya Kilatini. Mimi nilisoma kidogo katika seminari ndogo, na Kilatini hakijanitoka chote. Maana yake ni hii: si vema kuuza uhuru, hata kwa dhahabu yote. Nikayasoma mara mbili. Nikawaza moyoni: Ninyi mwasema uhuru hauuzwi, lakini uhuru wa nkambo yangu uliuzwa, tena si kwa dhahabu, kwa doti mbili tu.

Mama mmoja anayeongoza wageni aliniona nimesimama sana, akanijia. Alijua Kiitalia, kijana akatufasiria. Nikamwuliza kama watu wa mji huu waliyatimiza maneno yao. Yule mama alikuwa mkweli. Alisema kwamba wenyewe waliununua uhuru wao kila mwaka. Tangu mwaka 1481 walimlipa Sultani wa Waturuki dukati 12.500 kwa mwaka, ili awaache wajitawale na kufanya biashara. Tena zamani wafanyabiashara wa hapa waliuza watu, hasa watu kutoka Bosnia, wakawapeleka ng'ambo kwa meli. Lakini tarehe 27 Januari 1416 Baraza Kuu la mji lilikataza biashara hiyo. Utumwa haukwisha siku ile, ila sheria iliandikwa. Nayo yasema kwamba ni biashara ya aibu, ya kuchukiza, kumwuza kama mnyama mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Nikamwambia kijana: «Mwulize tena. Sheria yasema aibu ni ya nani?» Yule mama akashangaa kidogo, akajibu: «Ya anayeuza. Ni yeye anayeadhibiwa.»

Ndugu zangu, nina miaka zaidi ya sitini. Nilifundisha Katekismu miaka mingi. Nilijua kwamba kila mtu ni mfano wa Mungu, na nilikuwa nikiwafundisha watoto wa wengine. Lakini nyumbani mwetu tulimwachia yule mtoto Maria aibu ambayo haikuwa yake. Aliyemteka hakuona haya. Aliyemwuza hakuona haya. Sisi wajukuu wake ndio tuliokuwa tukiinamisha kichwa.

Tukakaa juu ya jiwe, tukitazama jua likishuka baharini, nikamweleza kijana yote: doti mbili, mzee wa mahari, kichwa cha babu yake. Alinisikiliza bila kusema neno. Mwisho akauliza: «Na jina lake la kwanza halijulikani kabisa?» Nikasema: «Halijulikani.» Akanyamaza tena. Kisha akasema: «Baba mdogo, sasa nina la kuwajibu. Sisi ni kabila la waliokombolewa.»

Tuliporudi mjini tulipita tena kwenye zile ngazi. Vijana wengine walikuwa pale, na kelele zao zile zile. Hawakunichoma tena. Wao walikuwa wakicheza tu.

Niliporudi Mpala niliwakusanya watoto wa ukoo, wakubwa na wadogo, nikawasimulia habari za Maria. Shangazi yangu mzee alikasirika, akatoka nje. Siku ya tatu alikuja mlangoni kwangu, akaketi, akasema: «Yako mengine ambayo wewe huyajui. Nyanya alinieleza wimbo aliokuwa akiimba mama yake.» Akauimba. Hatukuelewa maneno hata moja, maana hakuna kati yetu anayejua ni lugha gani. Lakini tuliandika sauti zake kama tulivyozisikia, na kijana wa Bari ametumiwa.

Labda mmoja wenu, wasomaji wapenzi, ana mtu kama Maria katika ukoo wake, aliyefichwa kwa sababu ya haya. Mwulizeni mzee angali hai.