Kabla Hujalipa Salio la Mashine

Ngamiani, Tanga

Mjomba,

Goti la mama yako limepata nafuu, mdogo wako ameanza kazi bandarini, na banda la uani limeshaezekwa. Mengine najua mama yako ameshakueleza kwenye simu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yaliyonifikia. Mkazamjomba wako aliporudi kutoka kwako Kigamboni aliniambia kwamba kile chumba cha mwisho umekigeuza karakana, na msumeno wa meza umeusogeza hadi ukutani, ukuta uleule ambao upande wake wa pili analala mjukuu wangu. Akaniambia mtoto anakohoa usiku. Akaniambia pia umetoa kianzio cha mashine ya kuvuta vumbi, ile yenye mfuko wa kitambaa juu na wa nailoni chini, na unasema ikifika tu, habari ya vumbi imekwisha.

Useremala wenyewe siukatazi, wala sina haki ya kuukataza. Ulipoliacha benchi langu ukaenda kusomea uhasibu hakuna aliyeniuliza, baba yako hakuja hata kuniaga, na patasi nilizokununulia nilizikuta zimefungwa ndani ya gunia stoo. Hayo yamepita. Nilipoona picha ya kabati la mvule ulilolimaliza mwezi uliopita, maungio yake niliyatambua, maana hakuna mwingine katika mtaa huu anayefundisha kuunga vile. Lakini salio la mashine hiyo usilipe kwanza.

Vumbi linalokukera ni lile unalolifagia. Maranda na unga mzito huanguka chini, na mashine yoyote yenye pangaboi itayazoa. Linaloharibu kifua ni jembamba kuliko hilo, la maikroni 10 kushuka chini, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Hilo halianguki upesi. Unazima msumeno, unaenda kula, unaswali, unarudi, bado linaelea, na lile dogo zaidi linapita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu. Sasa mifuko mingi ya kitambaa ya mashine za bei nafuu inazuia chembe za kuanzia maikroni 30. Kwa hiyo mashine inavuta chini ya meza, inabaki na maranda, na lile jembamba inalipuliza chumbani kwa nguvu zote za mota. Unabaki na sakafu safi na hewa chafu.

Kuna fundi mmoja tuliyekuwa naye karakana moja nilipokuwa kijana, wewe hukumkuta. Alikuwa bingwa wa mvule. Milango mikubwa alipewa yeye, mimi nikimshikia mbao. Alianza na mafua yasiyokwisha na macho kuwasha. Kisha kifua kikawa kinabana, na kilibana zaidi usiku akiwa kitandani kuliko mchana akiwa kazini, ndiyo maana hakuna aliyeishuku mbao. Karakana ikifungwa kwa sikukuu ya Idi alipumua vizuri, akasema mitishamba imemkubali. Tukifungua tu, haipiti wiki, filimbi inarudi kifuani. Watu wakasema karogwa na jirani waliyegombania kiwanja. Wengine wakasema ni pumu ya ukoo, na kwao hapakuwa na mwenye pumu hata mmoja.

Tajiri wetu alimhurumia. Akanunua mashine ya mfuko kutoka kiwanda kilichofungwa, ikawekwa ubavuni pake kabisa, na sote tukafurahi. Sakafu iling'aa, msumari ukidondoka unauona ulipo. Yule fundi akaongeza hata saa zake za kazi, kwa kuwa karakana sasa ni safi. Kabla mwaka haujaisha akawa hawezi kufika msikitini bila kusimama njiani.

Jioni moja tulikuwa tunafunga, jua limeshuka, na mlango wa magharibi ulikuwa na tundu palipong'oka kitasa. Mwale ukaingia ukapita mbele ya mfuko huku mashine ikinguruma. Tukaona kama moshi unatoka kwenye kitambaa chote, mwembamba, unapanda hadi kwenye kenchi na kutanda, wala haushuki. Ukitazama nje ya ule mwale huoni kitu. Yule fundi aliutazama muda mrefu bila kusema, kisha akaenda akaizima mashine mwenyewe. Daktari aliyempokea baadaye alimuuliza kwanza anafanya kazi gani na mbao gani, akamwambia aache mvule. Aliacha. Kifua kilipata nafuu lakini hakikurudi kama zamani, na yule aliyekuwa hodari wa milango alimaliza umri wake barazani akiwanolea wenzake misumeno.

Kabati lako ni la mvule, mjomba. Na yule fundi alikuwa mtu mzima aliyeichagua kazi yake, mtoto wako hakuchagua kulala pale.

Wala si maneno ya wazee wa Tanga tu. Mji wa High Wycombe, Uingereza, ulijulikana kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960 daktari wa pua na masikio wa pale, Esme Hadfield, aliona saratani ya ndani ya pua, ugonjwa adimu, ikiwapata mafundi wa samani kupita kiasi. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ikaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo nenda dukani usiku, au mwombe muuzaji azime taa. Mashine ikiwa inafanya kazi na imeshavuta unga wa msasa, pitisha mwanga wa tochi ubavuni mwa mfuko. Ukiona moshi, mwachie mashine yake.

Wenzetu wa nchi za baridi wanahangaika na machujio ya ghali kwa sababu hewa ya karakana wameipasha moto kwa pesa, hawawezi kuitupa nje. Sisi wa pwani hatuna shida hiyo. Mashine yoyote utakayonunua iweke nje ya ukuta, kwenye kibanda chenye paa, ivute ndani na itupe nje, na dirisha la upande wa pili liwe wazi ili hewa nyingine ipate kuingia. Kabla ya pangaboi weka saikloni, yaani koni ya bati ambamo hewa inaingia kwa ubavu na kuzunguka, maranda yanaangukia pipani na hewa inapandia katikati. Fundi bati mzuri atakutengenezea. Pipa lifunge sawasawa, maana likivuja hewa kidogo tu maranda yanarudi juu. Mdomo wa kutolea hewa upandishe juu kuliko mapaa. Usiuelekeze kwa kutazama upepo wa leo, kwani ulichokitupa wakati wa kusi, kaskazi itakurudishia dirishani, au itakipeleka kwenye kamba ya nguo za jirani. Kama nyumba zimebanana mno, hapo ndipo ununue chujio la katriji la maikroni 1 au chini yake.

Hosipawa za mota zisikudanganye. Namba ya hewa iliyo kwenye lebo mara nyingi imepimwa mashine ikiwa haina bomba. Ukiifungia mpira wa inchi 4 wenye mikunjo umeikaba koo. Nafasi ya bomba la inchi 6 ni mara mbili na robo ya lile la inchi 4, basi tumia bomba gumu la inchi 6 na mpira uwe kipande kifupi cha mwisho tu. Kona ya nyuzi 90 ifanye mbili za nyuzi 45. Na uvute juu ya meno ya msumeno pia, si chini ya meza peke yake.

Waya wa mashine uvutwe peke yake kutoka meinswichi. Mbao za zamani zitoe misumari kwanza, kwani msumari ukigonga pangaboi la chuma unatoa cheche, na cheche hulala ndani ya maranda hadi usiku. Nguo usizipulize kwa kompresa. Mbao za MDF zikatie nje, na barakoa uvae hata mashine ikiwa nzuri.

Msumeno uondoe kwenye ukuta ule wiki hii, usingoje mashine. Mtoto alale kwa bibi yake mpaka chumba kipigwe deki kwa maji, kuta na kenchi, na mpelekeni hospitali, daktari aambiwe habari ya mbao. Kianzio ulichotoa kikipotea nitakufidia mimi. Nipigie picha ya ukuta wa nje na unipe urefu kutoka msumeno hadi hapo, nikuchoree njia ya bomba.

Wasalaam,
Mjomba wako