Taji la Boksi

Kupanga sherehe ya kuzaliwa si mchezo, msomaji, hasa mwenye siku yake anapotaka kuwa binti mfalme. Mpwa wangu atimiza miaka 6 Jumapili. Keki itaokwa hapa hapa, makaa juu, makaa chini. Gauni mamake analishona kwa leso mbili. Taji nimelikata kwenye boksi la sabuni, nikalibandika karatasi ya dhahabu. Kilichonishinda ni kiti kimoja.

"Mjomba, hiki cha mfalme. Baba ataketi hapa."

Cherehani ya dada yangu ikanyamaza. Shemeji aliondoka mwaka juzi. Si barua, si senti. Nijibu nini? Vile vitabu vya mtoto, vya ng'ambo, vyote humalizika kwa mwanamume kuwasili na farasi wake. Asipokuja, hakuna sherehe.

Basi nikamsimulia ya kwetu Mombasa. Wazee husema kabla ya Shehe Mvita mji huu ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mkisi. Ndiyo maana katika mashairi Mombasa huitwa pia Gongwa ya Mwana Mkisi.

"Na mumewe je?"

"Katika hadithi niliyopewa mimi, hatajwi."

Akafikiri. "Lakini mama alikuwa naye?"

"Ah, nani asiye na mama?"

Akachukua uzi, akaenda kumpima dada yangu kichwa. Cherehani ikaanza tena, taratibu.

Nami sasa nazunguka madukani, natafuta boksi la pili.